Ukuta Tuliojifunzia Kuchora

Siku nyumba ya bibi ilipobomolewa kule Kibuta, tulikuwepo sita. Nilikuwepo mimi, mkubwa wao. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, ambaye siku hizi ana kitambi na hukohoa kidogo kabla ya kusema jambo lolote analoliona la maana. Alikuwepo mdogo wetu wa mwisho, na binti yake wa miaka mitano aliyevaa viatu vya shule siku ya Jumamosi kwa sababu alilia mpaka akaruhusiwa. Alikuwepo jirani, yule mama wa ng'ambo ya njia, sasa ni kikongwe anayetembelea fimbo, lakini mdomo wake haujazeeka hata kidogo. Na alikuwepo fundi na sururu yake. Bibi mwenyewe tulishamzika miaka mingi iliyopita, nyuma ya mikorosho.

Tulikuwa tumekubaliana nyumba ya udongo iondoke, ijengwe ya tofali. Hakuna aliyepinga. Paa lilikwisha kuinama upande mmoja, na mchwa walikuwa wamekula miti ya ndani mpaka ukigonga ukuta unasikia vumbi likishuka. Fundi alipoinua sururu, mdogo wetu wa mwisho akamwambia, "Fundi, ukuta wa jikoni usiuguse mpaka uniite."

"Kuna nini, dada? Mmefukia dhahabu?"

"Niite tu."

Mimi nilijua anatafuta nini. Nikajifanya naokota fito zilizoanguka.

Ngoja nikurudishe nyuma, rafiki yangu, maana bila ukuta ule wa jikoni mimi nisingekuwa mtu unayemwona leo pale Kwa Mathias, Kibaha, nimekaa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, nachora maua na tausi kwenye mashuka ya kina mama wanaodarizi. Kina mama hao huniletea pia watoto wao. Anakuja mtoto na daftari nene la kuchorea, penseli za rangi zimejaa kopo, na mama yake ananiambia, "Mfundishe, dada, ila huyu anakata tamaa upesi." Mimi hulichukua lile daftari zuri nikaliweka chini ya meza. Nampa mtoto mgongo wa kalenda ya mwaka jana. Daftari zuri linaogopesha. Hilo nilifundishwa na bibi, ambaye hakuwahi kushika penseli.

Tulizaliwa Dutumi, huko Kibaha kwa baba. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa darasa la sita. Baada ya msiba bibi mzaa mama akatuchukua watatu wote, tukaenda Kibuta na furushi moja la nguo. Shule ndiyo ikaishia hapo kwangu. Hakuna aliyeniambia niache. Ila bibi alikuwa na magoti mabovu, kisima kilikuwa mbali, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka mitano na hakutaka kuachwa na mtu yeyote hata aende chooni. Mdogo wangu wa kiume alikwenda shule. Mimi nilibaki.

Nikifumba macho naipata Kibuta ile yote. Asubuhi ilianza kwa mlio wa mchi wa jirani, halafu wa bibi ukajibu, mpaka ikawa kama wanazungumza. Harufu ya maganda ya korosho yakiungua, ule moshi mkali unaowasha macho. Mihogo ya kuchemsha na chai ya mchaichai. Jioni kisamvu cha nazi, na bibi akikwangua sufuriani ukoko wa bada, ugali wa muhogo, huku akisema chakula kitamu kiko chini, wanaokula kwa haraka hawakijui. Mimi aliniita "mama mwenye nyumba". Mdogo wangu wa kiume alikuwa "mume wangu". Yule mdogo wa mwisho alikuwa "mke mwenzangu", na bibi alimgombeza kila siku kwamba anamwibia mume.

Sasa, nyumba za udongo zina kazi yake. Kila mwaka, vuli ikishalegeza ukuta na maji yakiwa karibu, kabla ya Krismasi, nyumba husiribwa upya. Unachimba udongo, unaukanyaga kwa miguu mpaka unakuwa laini kama uji mzito, unaupaka kwa viganja. Juu yake unamalizia na udongo mweupe, ule unaochimbwa vilimani huku kwetu Kisarawe, na nyumba inang'aa kama imevaa kanzu. Kuanzia hapo mpaka Desemba inayofuata, moshi, kuku na watoto wanaichafua wanavyotaka.

Bibi ndiye aliyetupa ukuta wa jikoni. Tulikuwa tumechora ardhini kwa vijiti tangu tulipofika, lakini fagio la asubuhi lilifuta kila kitu na mdogo wetu wa mwisho alikuwa akililia picha zake kama zimekufa. Bibi akachukua mkaa uliozimika, akampa, akamwonyesha ukuta. "Huu ni wenu mpaka Desemba," akasema. "Chafueni. Tutausiriba."

Fikiria hilo neno, chafueni. Mtoto gani aliwahi kuambiwa hivyo? Tulichora kila kitu. Majani ya kisamvu yalitupa kijani, manjano ya bibi tuliyaiba kwa ajili ya jua. Mdogo wangu wa kiume alichora malori tu, lori nyuma ya lori, na barabara nyeusi iliyozunguka mlango. Jirani alipopita hakuacha kusimama.

"Huyu ni ng'ombe au kochi?"

"Ng'ombe," nikamjibu.

"Basi ajikalie mwenyewe, mimi siketi hapo!"

Tulicheka, tukaongeza pembe. Picha ikiharibika, haikuwa na neno. Desemba ilikuwa inakuja.

Kisha mimi nikaharibu mambo.

Nilikuwa nimeacha shule, lakini shule haikuniacha. Kila nilipomwona mdogo wangu wa kiume akirudi na daftari lake, nililifungua kabla hajalitua. Nikaamua na mimi niwe mwalimu. Nikakata kijiti, nikawasimamisha wale wawili mbele ya ukuta, nikawaambia tangu leo tunachora kwa utaratibu: kwanza duara la kichwa, halafu mstari wa shingo, halafu mabega, kama mwalimu wangu wa Dutumi alivyotufanyisha ubaoni. Mdogo wetu wa mwisho akachora mtu mwenye mikono inayokaribia kugusa ardhi. Nikaigonga ile picha kwa kijiti. "Kosa. Mtu hana mikono mirefu hivi. Futa."

Akafuta kwa kiganja. Akarudia. Nikasema kosa. Mara ya tatu akaweka mkaa chini taratibu, akaenda kukaa karibu na kinu.

Hakuchora tena. Siku mbili, wiki, wiki mbili. Ungesema si neno, mtoto kuacha kuchora. Lakini huyu alikuwa mtoto aliyesema maneno machache mno tangu msibani, na pale ukutani ndipo alipokuwa akisema. Akishachora ndipo alipokula. Sasa alianza kuacha chakula, na shingo yake ikawa nyembamba mpaka bibi akaacha utani wa mke mwenza.

Bibi hakunipiga. Aliniita nimsaidie kutwanga, na katikati ya kutwanga akasema, "Mtoto alikuwa anacheza. Wewe umemtia darasani."

"Nilitaka ajue, bibi."

"Ajue nini? Aliyemchora, wewe unamjua?"

Bibi akaweka mchi, akajipangusa mikono kwenye kanga, akaenda mpaka ukutani kwa yale magoti yake. Akaokota mkaa. Sijawahi kumwona bibi akichora, kabla ya hapo wala baada. Alichora kitu cha mviringo, akakitia miguu minne, akakiongezea kitu kama mdomo wa birika.

Jirani alikuwa amesimama njiani na ndoo kichwani. "Ee, mama! Ni nini hicho?"

"Kuku," bibi akasema.

"Kuku ana miguu minne?"

"Ana haraka."

Jirani alicheka mpaka maji yakamwagika mgongoni. Bibi alicheka kuliko yeye, akashika ukuta asianguke. Na nyuma yetu tukasikia mtu wa tatu anacheka. Mdogo wetu wa mwisho alikuja akachukua ule mkaa mkononi mwa bibi, bila kuombwa, akamwongezea kuku miguu mingine miwili.

Ndiyo maana mtoto mpya akija mezani kwangu Kwa Mathias, mimi ndiye ninayeanza kuchora vibaya. Namchorea paka mbaya kuliko paka wote, namwachia anicheke. Baada ya hapo mkono wake unalegea. Wazazi wengine hunitazama kama nimewaibia muda. Simwambii mtoto achore duara kwanza. Namuuliza nyumbani kwao anampenda nani, au anapenda kitu gani, hata kama ni chapati, basi achore chapati. Na akishachora mkono mrefu, sisemi kosa. Nauliza unakwenda wapi.

Maana siku chache baada ya yule kuku wa bibi nilimuuliza mdogo wetu wa mwisho. Alikuwa amechora tena yule mtu wake, safari hii mkubwa, kichwa chake juu kabisa karibu na paa. Alipanda kwenye kinu kilicholazwa ili afike. Kichwa kilikuwa na nukta mbili na kilemba. Chini kabisa, karibu na ardhi, alikuwa amechora kitu kidogo kama harage. Na mkono mmoja wa yule mtu ulishuka ukuta mzima, mstari mweusi uliopinda pinda, mpaka kwenye harage.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza, na safari hii sikuwa na kijiti.

"Mama."

"Na huyu?"

"Mimi. Niko huku chini. Mkono si lazima ufike?"

Rafiki yangu, sisi hatuna picha ya mama. Ilikuwepo moja ya harusi, mchwa wakaila kule Dutumi pamoja na fremu yake. Mimi namkumbuka sura. Mdogo wangu wa kiume anakumbuka sauti. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na ule mstari wa mkaa tu. Kila asubuhi alikwenda kuugusa kwa kidole, kutoka juu alipoweza kufika mpaka kwenye harage, ndipo alipokunywa uji.

Desemba ikafika.

Kabla ya kuanza kuchimba udongo akanishika kanga. "Dada, mama usimsiribe."

"Nitamruka," nikamwambia. Nilikusudia hivyo kweli.

Lakini siku mbili kabla ya Krismasi tukapata habari kwamba baba mkubwa na baba mdogo wanakuja kutoka Dutumi. Jirani ndiye aliyeileta, na hakuileta kwa utani. Alisema wanakuja kuangalia kama bibi na magoti yake anatuweza. Wakiona tumemshinda, watatugawana: wa kiume huku, wa mwisho kule, mimi popote penye kazi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilitazama ile nyumba kwa macho ya baba mkubwa. Nikaona malori, kuku wa miguu sita, ng'ombe kochi, mikono ya mkaa kila mahali. Nikaona nyumba ya watoto walioachwa wafanye wapendavyo.

Bibi alikuwa amekwenda kanisani na wadogo zangu, watoto walikuwa wanafanya mazoezi ya nyimbo. Nikasiriba peke yangu. Nilipofika kwa mama nikamruka kama nilivyoahidi. Nikapaka pande zote, nikamwacha katikati. Kisha nikasimama nyuma nikaangalia. Ukisiriba ukuta ukaacha sehemu kavu, maungio hayashikani. Udongo mbichi unapokauka unajivuta na kupasuka, na mvua ikija inaingia hapo hapo. Hilo nililijua. Na lile doa jeusi katikati ya ukuta mweupe lilionekana kuliko zamani. Nilisema moyoni, nitamchorea mwingine. Mimi ndiye ninayemkumbuka sura. Nitamchorea mzuri zaidi.

Nikachovya viganja viwili kwenye udongo, nikaanzia kichwani.

Waliporudi, mdogo wetu wa mwisho alikwenda moja kwa moja jikoni. Hakulia. Aliweka kiganja kwenye udongo mbichi, kikaacha alama. Akasema, "Dada, umemfukia."

Neno lile lile alilolisikia kule Dutumi, siku watu wazima walipokuwa na majembe.

"Nitakuchorea mwingine," nikamwambia.

"Lini?"

Baba mkubwa na baba mdogo walikuja siku ya Krismasi. Wakala wali kwa kuku, wakazunguka nyumba, wakasifu weupe wake. Baba mkubwa akampa bibi mkono wa heshima, akasema, "Mama, naona watoto wako mahali pao." Wakaondoka bila kumchukua mtu. Hatukugawanywa. Mpaka leo sijui kama ni ule udongo mweupe uliotuokoa au ni yale macho ya bibi, lakini ninachokijua ni kwamba tulibaki watatu, na mama akabaki ndani ya ukuta.

Nilianza kulipa deni langu kesho yake. Nikachora ukutani, nyuma ya banda la kuku, mama mwenye pua, macho, masikio mawili. Mdogo wetu akamtazama. "Siye." Nikachora mwingine. "Huyu ana mikono mifupi." Nikarefusha mikono. "Siye tu." Nilichora mwaka ule wote, na uliofuata. Nilichora kwenye maganda ya boksi, kwenye mchanga, kwenye mgongo wa bahasha. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuchora: kwa kumtafutia mtoto mtu mmoja. Mkono wangu ukazoea, watu wakaanza kunisifia, mwanamke mmoja akaniomba nimchoree maua kwenye shuka, na huo ukawa ugali wetu. Wadogo zangu walisoma kwa tausi na mawaridi. Kumbe kadiri mkono ulivyozidi kujua ndivyo ulivyozidi kwenda mbali na yule mama wa mkaa.

Turudi kwenye sururu. Fundi aliita. Tukakusanyika wote mbele ya ukuta wa jikoni, hata jirani akasogezewa kigoda. Mdogo wetu wa mwisho alichukua kisu cha mezani, akachuchumaa, akaanza kubandua udongo kidogo kidogo. Miaka ya bibi ilikuwa imepangana humo, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, kila Krismasi na tabaka lake. Fundi, aliyekuwa na haraka, akaacha haraka yake akasimama kuangalia.

Bamba moja likabanduka zima, kubwa kama sinia. Nyuma yake palikuwa na mstari mweusi. Urefu wa shubiri moja hivi, umefifia, umepinda pinda, unashuka.

Mdogo wangu wa kiume akakohoa. "Hiyo ni barabara ya lori langu."

"Lori lako lilikuwa huku mlangoni," jirani akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nayacheka kila siku, nisijue?"

"Inaweza kuwa moshi tu," akasema fundi.

Mdogo wetu wa mwisho aliweka kidole juu ya mstari, akaufuata kuelekea chini, kama asubuhi zile kabla ya uji. Alipofika mwisho wake, udongo ukamomonyoka, ukamwagika kwenye mapaja yake. Akabaki na kidole hewani.

Binti yake alikuwa ameinama juu ya bega lake. "Mama, alikuwa nani?"

"Bibi yako."

Mtoto akanigeukia. "Mama mkubwa, si wewe unajua kuchora? Mchore basi."

Wote wakanitazama. Niliokota kipande cha mkaa kwenye mafiga, nikaenda kwenye upande wa ukuta uliokuwa bado umesimama. Nikachora. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye mashuka: paji la uso, macho ya mama kama ninavyoyakumbuka, kilemba chenye mikunjo, mdomo wake uliokuwa tayari kucheka. Fundi akaguna kwa kustaajabu. Mdogo wangu wa kiume aligeuza uso, akajifuta. Jirani akasema, "Jamani, ni yeye. Ni yeye kabisa."

Mdogo wetu wa mwisho alikuja akasimama karibu yangu, udongo umemjaa kwenye sketi. Aliangalia muda mrefu.

"Amefanana?" nikamuuliza.

"Watu wanasema amefanana," akasema. Kisha akanipiga bega kidogo kwa bega lake, kama tulivyofanya tulipokuwa tukilala kitanda kimoja. "Bado nakudai, dada."

Jioni ile ukuta ukashuka, pamoja na picha yangu. Sikusikitika. Ulikuwa ukuta wa kuchafuliwa tangu mwanzo.

Sasa tofali zimepanda, bati limewekwa, na fundi anataka kupiga lipu. Mdogo wetu amemwambia apige nyumba nzima, ukuta wa jikoni auache. Siku hizi hakuna wa kukanyaga udongo kwa miguu Kibuta yote. Hata jirani ana ukuta wa saruji, na saruji haisubiri Desemba yoyote. Mchi nao umenyamaza, watu wanapeleka mashineni. Ila nikienda kule mwisho wa mwezi, nakuta yule mtoto wa miaka mitano amekwisha kuwahi. Amejaza tofali za chini kwa mkaa, watu wenye vichwa vitatu, mbuzi wenye magari. Simrekebishi. Nakaa chini karibu naye nakopi vile anavyoshika mkaa, kwa ngumi.

Asubuhi Kwa Mathias, kabla sijatandika shuka la kwanza, nageuza kalenda ya zamani na kuchora kwa mkono wa kushoto, ule ambao haujui chochote. Naweka nukta mbili juu. Naweka harage chini. Naanza kushusha mstari, na kila mara, katikati ya njia, mkono unakumbuka ufundi wake, unatengeneza kiwiko, unatengeneza vidole vizuri, unasimama hapo.

Bado haujafika chini.